Sotoka: Maradhi ya Tumbo Yaliyofilisi Afrika Mashariki

Vijana wanaohitimu vyuo vya mifugo siku hizi hawajawahi kuiona sotoka, na hawataiona. Wanaisoma vitabuni tu, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo haupo tena duniani. Baada ya ndui, ni wa pili katika historia kufutwa kabisa kwa kazi ya binadamu. Lakini kila nikisikia habari zake, nasikia nusu. Tunasimuliwa maabara, mikutano ya Roma na Paris, wataalamu na tuzo zao. Hatusimuliwi tumbo la ng'ombe, ambalo ndilo sotoka ilikuwa ikiliharibu, wala wafugaji waliojua kulisoma tumbo hilo kabla daktari yeyote hajafika bomani. Nimekuwa bwana mifugo Monduli na Ngorongoro, kisha mkaguzi wa nyama machinjioni Arusha hadi nilipostaafu. Nusu hiyo iliyobaki naifahamu, nami naiandika.

Ninayo sababu ya nyumbani pia. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mwarusha wa chini ya Mlima Meru, mkulima wa migomba na maharage. Mama yake lakini alizaliwa Mmaasai wa nyikani. Aliletwa Meru akiwa mtoto, baada ya ng'ombe wa wazazi wake kwisha, akalelewa na Waarusha, akaolewa kwao. Babu alitufundisha kwamba ukoo wetu wa mjini na mashambani umetokana na ng'ombe waliokufa. Nilipoingia chuoni ndipo nilipojifunza walikufa na nini.

Tumbo lenyewe

Huwezi kuelewa sotoka iliuaje bila kuelewa ng'ombe anakulaje. Ng'ombe hana meno ya mbele upande wa juu. Ana ufizi mgumu. Huzoa majani kwa ulimi, huyabana kati ya meno ya chini na ufizi ule, huyakata na kuyameza bila kuyatafuna sana. Yanateremka hadi tumbo la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100 na kujaza karibu upande wote wa kushoto wa mwili wake. Humo hamna asidi kali. Mna joto, maji na viumbe wadogo wasiohesabika, bakteria na wenzao, na hao ndio wanaovunja nyuzi za majani ambazo mnyama mwenyewe hana uwezo wa kuzivunja. Gesi inayotokana na kazi hiyo huitoa kwa kubeua. Ikizuiliwa, tumbo huvimba upande wa kushoto na ng'ombe anaweza kufa kabla jua halijazama.

Tumbo la pili limeungana na la kwanza, na ukuta wake wa ndani una vyumba vyumba vidogo. Machinjioni tulikuwa tukikuta humo misumari na vipande vya waya, kwa maana chuma kizito hutua hapo, na mara nyingine hutoboa ukuta na kuchoma moyo ulio jirani. Jioni ng'ombe akilala hurudisha tonge mdomoni, hulitafuna taratibu, hulimeza tena. Karibu theluthi nzima ya siku yake huenda katika kucheua, na kwa ng'ombe mkubwa mate anayoyameza kwa siku huzidi lita 100. Mate hayo yana chumvichumvi inayotuliza uchachu tumboni. Tumbo la tatu lina makunjo mengi membamba, na huko chakula hukamuliwa maji. La nne ndilo linalofanana na letu: lina asidi na vimeng'enya, na wale viumbe wadogo waliofanya kazi tumbo la kwanza huyeyushwa humo, wakawa ndiyo protini ya ng'ombe. Kisha hufuata utumbo mwembamba, ambao pekee kwa ng'ombe mkubwa hufikia mita 40, halafu utumbo mpana na puru.

Angalia basi maji yanavyozunguka. Mate yanashuka, maji ya kunywa yanashuka, juisi za tumbo la nne na nyongo zinamwagika, na karibu yote hurudishwa mwilini na utando laini unaofunika ndani ya njia hiyo. Uhai wa ng'ombe unategemea utando huo. Mfugaji hakuhitaji kisu kuujua. Alimtazama ng'ombe jioni kama anacheua, akatazama kinyesi asubuhi kama kina umbo, akanusa pumzi. Wazee wa Kimaasai niliowakuta kazini walikuwa wakipima afya ya kundi kwa mambo hayo matatu, na mara chache sana walikosea.

Jinsi ilivyoua

Kirusi cha sotoka ni cha jamii moja na kirusi cha surua ya watoto. Kilienea kwa pumzi, kamasi, machozi na kinyesi cha mgonjwa aliye karibu. Jua na ukavu vilikiua upesi, hivyo kilihitaji ng'ombe wa kugusana na ng'ombe, kisimani, mnadani, njiani. Kikiingia kilianza kuzaana katika tezi za koo, kikapanda chembe nyeupe za damu, kisha kikaushambulia utando ule ule wa njia ya chakula kuanzia midomo hadi puru.

Siku za kwanza ilikuwa homa tu, nyuzi 40 hadi 41 au zaidi, na ng'ombe aliyeacha kucheua. Kisha machozi na kamasi vilianza kutoka, kwanza vyepesi, halafu vizito kama usaha. Baada ya hapo bwana mifugo alifunua mdomo wa chini. Kwenye ufizi, chini ya ulimi na ndani ya mashavu aliona vidoa vyeupe vya ungaunga. Akivisugua kwa kidole vinabanduka na kuacha vidonda vyekundu visivyo na kina. Udenda ulimiminika na harufu ya mdomo ilitangulia kukufikia kabla hujamgusa mnyama. Miguu haikuwa na vidonda, na hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuitofautisha na ugonjwa wa miguu na midomo.

Vidonda vya mdomoni vilipotokea, kuhara kulikuwa njiani. Kilianza kinyesi cha maji, kikaja chenye kamasi, kikaja chenye damu na vipande vya utando. Ng'ombe alijikamua akiwa amejikunja mgongo, macho yameingia ndani. Wengi walikufa kati ya siku ya 6 na ya 12 tangu homa ianze. Katika kundi ambalo halijawahi kuugua, ng'ombe 9 kati ya 10 waliweza kufa.

Ukipasua mzoga, jambo la kwanza la kushangaza lilikuwa kwamba tumbo la kwanza na la pili mara nyingi yalikuwa salama. Uharibifu ulikuwa mbele na nyuma yake. Tumbo la nne lilikuwa jekundu, limevimba, lina vidonda hasa karibu na mlango wa kuingilia utumbo. Katika utumbo mwembamba yale mabaka ya tezi za kinga yalikuwa yameoza na kubanduka. Utumbo mpana na puru vilikuwa na mistari ya damu iliyofuata makunjo ya ukuta, ambayo madaktari wameiita milia ya pundamilia. Utando uliokuwa ukirudisha maji mwilini haukuwepo tena. Kila lita ya mate na ya juisi iliyoshuka ilitokea nyuma, na mnyama alikauka hata kama maji ya kunywa yalikuwa mbele yake.

Aliyepona alipona moja kwa moja. Sotoka haikumrudia ng'ombe yule yule maisha yake yote, na wafugaji walijua hivyo zamani sana. Ufahamu huo ndio baadaye ulioifanya chanjo iwezekane.

Kutoka Massawa hadi Zambezi

Sotoka ni maradhi ya kale ya Asia na Ulaya. Iliua ng'ombe wengi Ulaya katika karne ya 18, kiasi kwamba chuo cha kwanza cha madaktari wa mifugo duniani, kilichoanzishwa na Claude Bourgelat mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, kilizaliwa kwa sababu yake kwa sehemu kubwa. Afrika kusini ya Sahara haikuwa na historia ya kuishi nayo. Ng'ombe wetu hawakuwa na kinga, na wala nyati na nyumbu hawakuwa nayo.

Mwaka 1887 Waitalia waliokuwa wakipigania kushika pwani ya Eritrea waliingiza ng'ombe wagonjwa katika bandari ya Massawa. Kutoka hapo moto ulipanda Ethiopia, ukaleta njaa kuu iliyodumu hadi 1892. Ukashuka kusini kwa njia za biashara na malisho. Kufikia 1890 na 1891 ulikuwa umeingia nchi ya Wamaasai, Uganda na kandokando ya maziwa makuu. Frederick Lugard, aliyekuwa safarini kwenda Uganda kwa niaba ya kampuni ya Waingereza mwaka 1890, alipita akiona mizoga ya ng'ombe na ya nyati njia nzima. Aliandika waziwazi kwamba janga lile lilivunja nguvu za makabila ya wafugaji na kuwarahisishia Waingereza kazi yao. Mstari huo kila mwanafunzi wa historia katika nchi zetu ausome, kwa sababu aliyeandika alikuwa mmoja wa walionufaika.

Wamaasai wanaikumbuka miaka hiyo kwa jina la Emutai. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imetangulia, sotoka ikafuata, na ndui ikaja juu ya watu waliokwishadhoofika kwa njaa. Mwezi Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alifika Ngorongoro. Alikuta watu wamebaki mifupa, wanawake wanaomba chakula kwenye kambi yake, watu wanaogombania ngozi na mabaki, na wazazi waliokuwa tayari kuwatoa watoto wao kwa kipande cha nyama. Alikadiria kwamba theluthi mbili za Wamaasai walikuwa wamekufa. Hata kama kadirio lake lilizidi, wale aliowaona kwa macho yake wanatosha.

Nikisoma habari hizo namfikiria yule mtoto wa kike aliyepelekwa Meru. Mfugaji aliishi kwa maziwa, damu na nyama. Utumbo wa ng'ombe wake ulipobanduka, tumbo lake mwenyewe nalo lilibaki tupu ndani ya mwezi. Waliokuwa na jirani mkulima walinusurika. Wengine walikwenda kwa Wakikuyu, wengine kwa Wachaga, wengine kwa Waarusha, wakaishi kwa ndizi na mahindi hadi walipopata tena mitamba. Koo nyingi za milimani zina bibi au babu wa namna hiyo, na ni vyema vijana wakaambiwa kwamba tulipona kwa sababu jirani alifungua mlango.

Nchi yenyewe ilibadilika. Ng'ombe walikuwa wakila majani na kukanyaga miche. Watu walikuwa wakichoma malisho na kukata vichaka. Vyote viwili vilipokoma, vichaka viliota katika maeneo mengi yaliyokuwa wazi, na baada ya wanyamapori kuongezeka tena mbung'o waliingia humo pamoja na malale na nagana. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alionyesha jinsi serikali za kikoloni zilivyokuta mapori hayo na kuyadhania kuwa hali ya asili ya Afrika. Ardhi ambayo leo tunaambiwa haikuwahi kuwa na wenyewe, mara nyingi ilikuwa malisho ya watu waliokufa au kukimbia miaka michache tu kabla.

Ugonjwa ulisita kwenye mto Zambezi kwa muda, kisha ukavuka mwaka 1896. Kusini mwa mto huo waliangamia zaidi ya ng'ombe milioni 2. Mabehewa ya kukokotwa na maksai yalisimama barabarani, na ng'ombe waliopigwa risasi na maofisa wa kikoloni ili kuzuia maambukizi waliongeza hasira zilizozaa vita vya mwaka huo katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe.

Nyongo, damu na mbuzi

Jaribio la kwanza maarufu la kuikinga sotoka barani Afrika lilitoka ndani ya tumbo lenyewe. Robert Koch alifika Kimberley, Afrika Kusini, mwishoni mwa 1896, na Februari 1897 alitangaza njia yake: chukua nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, umdunge ng'ombe mzima sentimita 10 za ujazo chini ya ngozi. Waliodungwa wengi walikingwa kwa muda. Wengine lakini waliambukizwa na nyongo yenyewe, na kinga haikudumu. Njia ya nyongo ilipisha njia ya damu, yaani kumdunga ng'ombe damu ya mgonjwa pamoja na majimaji ya damu ya ng'ombe aliyepona. Mwaka 1902, mjini Istanbul, Maurice Nicolle na Mustafa Adil Bey walionyesha kwamba kisababishi cha sotoka kilipenya hata chujio lililozuia bakteria. Kilikuwa kirusi.

Kwetu Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na Waingereza wakajenga maabara Kabete karibu na Nairobi. Mpwapwa ndiko nilikosomea, katika majengo ambayo vizazi vya mabwana mifugo vilipitia, na pale tulifundishwa kupasua ng'ombe kwa utaratibu ule ule ambao mwalimu alifundishwa naye: ulimi kwanza, kisha koo, umio, matumbo manne moja moja, ini na kifuko cha nyongo, utumbo wote hadi mwisho. Ukiruka sehemu, ulirudia.

J. T. Edwards, akifanya kazi India katika miaka ya 1920, alikipitisha kirusi cha sotoka ndani ya mbuzi mara nyingi mpaka kikapungua ukali kwa ng'ombe. Kabete nao walitengeneza chanjo yao ya mbuzi. Ilikinga, lakini ilikuwa kali. Ng'ombe dhaifu na wa kigeni waliweza kuugua kwayo, na mfugaji aliyepoteza mtamba baada ya sindano hakuleta kundi lake tena.

Muguga na barafu

Ufumbuzi ulipatikana Muguga, Kenya, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyohudumia Afrika Mashariki nzima. Walter Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza, na mwenzake R. D. Ferris, walichukua kirusi kilichokuwa kikitunzwa Kabete tangu mapema karne ya 20, wakakikuza katika chembe za figo za ndama ndani ya chupa. Walikihamisha kutoka kizazi cha chembe hadi kingine takriban mara 90. Kikawa hakiwafanyi ng'ombe wa aina yoyote waugue, hakihami kutoka kwa aliyechanjwa, na kinaacha kinga ya maisha. Ilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ilikuwa ndogo. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, akafariki mwaka 2010.

Kwa chanjo hiyo nchi 22 za Afrika ziliendesha kampeni ya pamoja kuanzia 1962 hadi 1976. Tulidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha: mabaki ya ugonjwa yalibaki katika maeneo machache ya Sudan, Ethiopia na mpaka wa Mali na Mauritania, serikali zikapunguza chanjo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikarudi kwa kishindo. Mwaka 1982 ilithibitishwa kaskazini mwa Tanzania, kwa nyati na kwa ng'ombe.

Huo ndio mwaka niliojua uzito wa barafu. Chanjo ya Plowright ilikuja imekaushwa ndani ya vichupa, na ilitakiwa kukaa baridi tangu inapotoka maabara hadi inapoingia chini ya ngozi. Tulibeba masanduku ya barafu kutoka mjini, gari likipita kwenye vumbi na makorongo, na barafu ikiyeyuka. Bomani tuliichanganya chanjo na maji ya chumvi yaliyopozwa, na kuanzia hapo tulikimbizana na jua. Vibanio vya kuwashikia ng'ombe vilikuwa vichache. Mara nyingi vijana walijenga kibanio cha miti usiku kucha ili tuanze alfajiri. Kila ng'ombe alipata sindano moja na alama sikioni. Palipokuwa mbali mno na barabara hatukufika, na kila bwana mifugo wa wakati ule analijua hilo. Sotoka ilijificha mahali ambapo barafu haikufika.

Mwaka 1986 ilianza kampeni mpya ya Afrika nzima. Wakati huo huo Mmarekani Jeffrey Mariner na wenzake waliboresha namna ya kuikausha chanjo ile ile, ikaweza kukaa mwezi hivi bila jokofu. Jambo hilo lilibadilisha kila kitu. Chanjo sasa iliweza kwenda kwa miguu mgongoni mwa mfugaji. Katika Karamoja, Sudan Kusini na nchi ya Waafar huko Ethiopia, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, wakaenda na makundi yao mahali ambapo magari na serikali havikuwa vikienda.

Ndipo ujuzi wa kusoma tumbo ulipoheshimiwa rasmi. Watafiti walipoacha kuuliza kwa fomu na kuanza kukaa na wazee kuwasikiliza, walipata habari ambazo maabara haikuwa nazo: sotoka ilionekana mwaka gani, ilitoka upande upi, wanyama wa rika gani walihara, na ni ugonjwa gani mwingine unaofanana nao. Wamaasai huiita sotoka olodua, na hawakuichanganya na ugonjwa mwingine wa macho na mdomo ambao ng'ombe hupata wakichanganyika na nyumbu wanaozaa. Plowright huyo huyo, mwaka 1960, alithibitisha kwamba kirusi cha ugonjwa huo wa pili kinabebwa na nyumbu. Wafugaji walikuwa tayari wakihamisha ng'ombe kila msimu nyumbu walipozaa.

Mwaka 1997 sotoka ilivuka tena mpaka kutoka Kenya na kuingia wilaya zetu za kaskazini. Haikuwa ile ya Emutai. Ilikuwa nyepesi sana kwa ng'ombe: machozi kidogo, homa, vidonda vya mdomoni vilivyopona upesi, kuhara kwa siku chache. Maofisa wengi vijana hawakuwa wamewahi kuona hata hiyo. Katika boma moja mzee alinishika mkono, akanipeleka kwa ndama mmoja na kufunua mdomo wake. "Mwanangu, tazama hapa chini ya ulimi," akasema. "Baba yangu alinionyesha hivi hivi." Tulichanja eneo lote la mpakani kwa dharura, na ugonjwa haukupata njia ya kushuka kusini.

Nyati wa Meru na nyumbu wa Serengeti

Wanyamapori ndio waliotupa ushahidi mkubwa kuliko wote. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba nyati na nyumbu ndio wanaoitunza sotoka na kuwarudishia ng'ombe. Chanjo ya ng'ombe ilionyesha kinyume. Ng'ombe wanaoizunguka Serengeti walipochanjwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, sotoka ilitoweka kwa nyumbu bila nyumbu hata mmoja kupigwa sindano. Ndama wao waliokuwa wakifa kwa wingi baada ya kupoteza kinga ya maziwa ya mama sasa waliishi. Kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu walifikia milioni 1.3 kabla miaka ya 1970 haijaisha. Walikula majani yaliyokuwa yakiwaka, moto ukapungua, na miti ikaota tena. Watalii wanaokuja kushangaa msafara wa nyumbu wanatazama matunda ya sindano waliyodungwa ng'ombe wa wafugaji.

Tsavo iliwapoteza nyati na tandala wake kwa sotoka katika miaka ya 1994 na 1995. Mgonjwa wa mwisho anayejulikana duniani alikuwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Baada ya miaka ya kupima damu na kutafuta vijijini, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitangaza ushindi tarehe 25 Mei 2011 mjini Paris, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likafuata tarehe 28 Juni mjini Roma.

Mdogo wake yupo bado

Sotoka ya ng'ombe imekwenda, lakini sotoka ya mbuzi na kondoo ipo. Ni ya ukoo ule ule wa virusi. Ilielezwa kwa mara ya kwanza Ivory Coast mwaka 1942, ikaingia Kenya miaka ya 2006 na 2007, na mwaka 2008 ikathibitishwa Tanzania, katika wilaya ile ile ya Ngorongoro. Dalili zake wazee walizitambua upesi: machozi, kamasi, vidonda mdomoni, kuhara, na juu yake kikohozi kinachoua mapafu. Mbuzi ndiye benki ya mjane na ada ya mtoto wa shule, hivyo hasara yake inaangukia nyumba zisizo na kitu kingine.

Chanjo yake ipo, na sindano moja hulinda kwa miaka isiyopungua 3. Mwaka 2015, katika mkutano wa Abidjan, nchi za dunia zilijiwekea lengo la kuifuta ifikapo 2030. Silaha ni zile zile zilizoishinda ile ya kwanza: chanjo nzuri inayofika mbali, wachanjaji wanaotoka ndani ya jamii, na mfugaji anayetoa taarifa mapema na kusikilizwa anapoitoa. Nchi zisirudie kosa la miaka ya 1970, la kupunguza chanjo pale ugonjwa unapoanza kuadimika.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Mabwana mifugo vijana, mkifika bomani mkae kwanza na wazee, waume kwa wake, muwaulize wanaona nini kwenye mdomo na kinyesi cha mifugo yao, ndipo mfungue masanduku yenu. Nanyi mlio na mbuzi, hata kama ni wawili uani, walete kila chanjo inapotangazwa, na mkiona mbuzi anatoa udenda na kuhara msimpeleke mnadani. Mtengeni na mtoe taarifa siku hiyo hiyo.